Mwanafunzi wa Chuo Asomaye kwa Mbali: Akae Nyumbani au Apange Mjini?

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

Wekeni daftari magotini, na mwalimu wa darasa aongeze sauti ya redio kidogo.

Leo nataka kusema nanyi juu ya swali nililoulizwa na mama mmoja katika darasa la Idodi, nilipokwenda kuwatazama mwezi uliopita. Mama huyu ameanza kusoma mwaka huu. Sasa aweza kuandika jina lake na majina ya watoto wake wote. Binti yake amemaliza kidato cha sita, naye ataka kusoma katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo hicho hufundisha kwa masafa. Neno "masafa" maana yake ni umbali. Mwalimu yuko kwake, mwanafunzi yuko kwake, na masomo hupita kwa vitabu, kwa simu na kwa kompyuta.

Mama aliuliza hivi: "Mwalimu, ikiwa masomo yanakuja kwa simu, kwa nini binti yangu anataka niuze mpunga ili apange chumba Iringa mjini? Si akae hapa hapa?"

Darasa zima likacheka. Binti mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni akimngoja mama yake. Yeye hakucheka.

Basi tulitazame swali hili. Kusoma kwa mbali si jambo geni duniani. Tangu mwaka 1858 University of London ilikubali watu kufanya mitihani yake bila kuhudhuria madarasa yake. Hapa kwetu, Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, nacho kina vituo mikoani, pamoja na Iringa na Mbeya. Mwanafunzi huenda kituoni kwa siku chache kuonana na walimu, na hurudi tena wakati wa mitihani. Siku nyingine zote aweza kuwa popote. Kwa hiyo mama yule hakukosea. Chuo cha namna hii kiliwekwa hasa kwa ajili ya mtu asiyeweza kuacha nyumba yake, au kazi yake, au shamba lake.

Tena kuna hesabu. Andikeni katika daftari. Tuseme chumba ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita mbele. Hiyo ni shilingi 240,000 kabla binti hajanunua hata kijiko. Kwa mwaka ni shilingi 480,000. Kisha ongezeni unga, mkaa, maji na nauli. Kila mmoja ajiulize hayo ni magunia mangapi ya mpunga wake.

Lakini baada ya darasa nilizungumza na yule binti, mama yake akiwapo. Akaniambia, "Mwalimu, si kwamba sipendi nyumbani. Nyumbani sina saa."

Nikamwomba anieleze siku yake. Alfajiri huchota maji. Kisha hufagia, hupika uji, huwaogesha wadogo zake. Mpunga unapotoa mashuke huenda kuamia ndege tangu jua kuchomoza mpaka kuzama, maana kwelea kwelea hawajui kwamba mtu ana mtihani. Jioni hupika tena. Usiku, wengine wakilala, ndipo hufungua kitabu, na macho yake yamekwisha choka. Kaka yake, ambaye hasomi chochote, haitwi na mtu. Nilimtazama mama, naye akatazama chini.

Ninyi mnaonisikiliza mwalijua jambo hili kuliko mimi. Ninyi pia ni wanafunzi mkaao nyumbani. Wangapi kati yenu jioni hii wameacha chungu motoni ili waje darasani? Wangapi wamekosa somo la juma lililopita kwa sababu ya mgeni?

Mwaka 2020 sote tuliliona kwa wingi. Mwezi wa Machi mwaka huo Serikali ilifunga shule na vyuo kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na vyuo vikafunguliwa tarehe 1 Juni. Vijana wa vyuo walirudi vijijini na vitabu vyao. Vyuo vingi vilisimama tu, lakini hata kijana aliyetaka kujisomea mwenyewe aliona shida. Wazazi walipomwona yuko nyumbani walidhani yuko likizo. Mtu aliyekaa na kitabu mchana alionekana mvivu.

Watu humtaja Nelson Mandela, aliyepata shahada ya sheria mwaka 1989 angali kifungoni, kwa kusoma kwa masafa na University of South Africa. Husema, "Ukitaka, utasoma popote." Mimi mfano huo siupendi sana. Mfungwa yule, pamoja na taabu zake zote, hakuitwa jioni kumpikia mgeni.

Sasa nataka kusema neno zito, nanyi wa Idodi mnisamehe. Najua kwa nini baba wengi wa hapa husita binti akisema atalala mbali. Mwezi wa Agosti mwaka 2009 bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Idodi liliungua usiku, na wasichana 12 wakafa. Habari za wakati ule zilitaja mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akisoma. Wako wanaonisikiliza ambao msiba huo ulikuwa wa nyumbani mwao. Tokea hapo watu husema mtoto asilale mbali. Nawaelewa. Lakini tusisahau na ule mshumaa. Mshumaa huohuo uko hata vijijini, kando ya chandarua, katika nyumba ambayo mtoto hana saa ya kusoma ila usiku wa manane. Mkimweka binti nyumbani, mpeni saa za mchana na taa ya umeme wa jua.

Na mjini je? Wengine husema, "Akakae kwa shangazi." Haya, lakini ulizeni kwanza. Nimeona wasichana waliokwenda mjini kusoma wakawa yaya wa kulea watoto wa ndugu, bila mshahara, na hawakuthubutu kusema kwa sababu walikula chakula cha mwenye nyumba. Na yuko kijana aliyepangishiwa chumba akasoma mwezi mmoja, kisha akawa mtu wa vijiweni.

Mimi mwenyewe nilisoma stashahada yangu kwa masafa, nikikaa kwa wazazi kijijini. Mwaka wa kwanza nilishindwa mitihani miwili. Niliwakasirikia wazazi kwa kunituma kila saa, lakini kosa lilikuwa langu. Sikuwaambia nasoma saa ngapi. Nilikuwa nalala kitandani na kitabu, nao wangejuaje? Mwaka wa pili nilimweleza mama, ambaye hakujua kusoma. Akachukua kanga yake ya zamani akasema, "Kanga hii ikining'inia mlangoni kwako, hakuna atakayekuita." Saa mbili asubuhi mpaka saa sita kanga ilining'inia. Baba alijaribu mara moja kuniita kwa sababu ya ng'ombe, naye mama akamrudisha. Alasiri nilikwenda shambani kama wengine.

Basi nilimjibu mama wa Idodi hivi: binti akae nyumbani mpaka mitihani ya kwanza, lakini kwa masharti. Apewe saa nne za mchana, na zitajwe mbele ya baba na kaka. Kaka aende kuamia ndege kwa zamu. Kabla ya yote achukue simu akae pale hasa atakaposomea, si juu ya kichuguu, aone kama mtandao unashika. Usiposhika, basi safari za kituoni ziwe nyingi zaidi, na nauli itengwe mapema. Mitihani ikipita na matokeo yawe mabaya, ilhali alikuwa akitafuta saa asizipate, hapo mama auze mpunga, binti apange chumba pamoja na msichana mwenzake anayesoma, na mama mwenyewe akakione kabla ya kulipa.

Mama akauliza, "Na huyo kaka akikataa?" Nikamwambia hilo alipeleke kwa baba yao. Binti ndipo akacheka.

Sasa mwalimu wa darasa azime redio. Kila mmoja aandike kazi zinazofanywa nyumbani kwake tangu alfajiri mpaka usiku, na mbele ya kila kazi aandike jina la aifanyaye. Kisha msomeane.