Kuku wa Nyumbani: Tulivyopoteza na Tulivyoanza Tena

(Maongezi ya kikundi chetu mbele ya vikundi vingine vya kujisaidia, baada ya ibada, upande wa Bahati, Nakuru.)

Tumeombwa tuseme habari ya ufugaji wa kuku. Sisi si madaktari wa mifugo. Tumekuja kama watu waliokosa wakajifunza, kwa hiyo tutaanza na kosa lenyewe.

Kikundi chetu kilianza kwa kila mwanachama kutoa kuku jike mmoja. Tulikuwa na kuku 14. Kufikia mwaka wa pili, ukihesabu boma zetu zote, walikuwa wamepita 100. Watoto walikula mayai, na sabuni na chumvi hatukukopa tena dukani. Basi ukafika mwezi wa kumi na mbili. Tukaona tuongeze majogoo wa kuuza Krismasi. Tukanunua 6 sokoni, tukawaleta jioni, tukawafungulia pamoja na wetu. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sisi kamba hatukufunga.

Siku ya nne jogoo mmoja alisimama pembeni, mabawa yamelegea, anahara kijani. Siku ya sita wengine wakawa wanapumua kwa shida, shingo zimepinda. Tuliwapa maji ya mshubiri na pilipili. Wapi! Krismasi ilitukuta tukichimba mashimo. Walibaki kuku 9.

Sasa kuna jambo gumu kulisema, lakini tulikubaliana tuliseme. Vifo vilipoanza, baadhi yetu tulishika wale waliokuwa bado wamesimama, tukawakimbiza sokoni kabla hawajaanguka. Pesa tulipata. Lakini kuku wale waliingia katika boma za watu, na mwezi wa kwanza tukasikia kilio ng'ambo ya bonde. Hakuna aliyetushtaki. Tulijishtaki wenyewe katika mkutano. Halafu tulipopata vifaranga tena, wa kwanza tuliwapeleka kwa majirani waliopoteza. Ndugu zetu, kumpenda jirani ni pamoja na kutomuuzia kuku mgonjwa.

Ugonjwa huo ni Newcastle, ambao wengi huuita kideri. Ulipata jina kutokana na mji wa Newcastle, Uingereza, na hapa Kenya uliandikwa kwanza mwaka 1935, upande wa Mombasa. Ni wa virusi, na dawa ya kuutibu hakuna. Anayekuuzia dawa ya kuuponya anakula pesa yako bure. Ila chanjo ipo, na KEVEVAPI, shirika la serikali yetu, huitengeneza hapa hapa nchini.

Kwani kwa nini hatukuwa tumechanja? Kila mmoja alisema, “Mimi nina kuku 8, na chupa ni ya kuku wengi, nitamaliza vipi?” Ni kweli. Chupa ikishachanganywa hailali mpaka kesho, ni ya kutumika saa chache tu. Hapo ndipo faida ya kikundi ilipo. Siku hizi tunachanga, tunanunua chupa moja kwa agroveti, tunaibeba katika chombo chenye barafu, na asubuhi mapema tunazunguka boma kwa boma. Tunafuata maagizo ya chupa: ile yetu ni tone moja katika jicho la kila kuku. Tunarudia kila miezi 3: Februari, Mei, Agosti na Novemba. Ile ya Novemba usiikose, maana kabla ya Krismasi kuku wengi hutembezwa, na kinga huhitaji kama wiki mbili kushika. Kuku aliye mgonjwa tayari, chanjo haitamwokoa.

Na kuku mgeni je? Siku 14 peke yake, mbali na wenzake, na chombo chake cha maji. Mhudumie wa mwisho, kisha unawe mikono na kusafisha viatu. Aliyekufa kwa ugonjwa azikwe shimo refu au achomwe, mbwa wasimpate.

Tuje kwa vifaranga. Huku kwetu baridi ya usiku, hasa mwezi wa saba, huua vifaranga wengi kuliko mwewe. Kuku mmoja tunampa mayai 10 hadi 12, yasiyopita siku 10 tangu kutagwa. Tunawaatamisha kuku watatu siku moja, ili siku ya 21 vifaranga watoke pamoja na walelewe pamoja. Siku ya nane au hivi tunamulika mayai kwa tochi gizani: lenye mishipa kama buibui lina uhai, lililo jeupe tupu tunaliondoa. Banda tunaliweka maranda makavu. Vifaranga wakirundikana, wana baridi; wakikimbilia pembeni na kutanua midomo, joto limezidi. Kama unatumia jiko la makaa, acha hewa ipite, maana moshi wake huua vifaranga na mtu pia.

Chakula: kuku wa kienyeji hujitafutia, lakini jioni mwongezee. Mahindi peke yake hayatoshi. Changanya na omena au mashudu ya alizeti, na mboga za majani uzining'inize. Mahindi yaliyoota ukungu usimpe kuku kwa kusema “huyu ni kuku tu”. Sumu ile humdhuru yeye pia.

Wengine wameuliza juu ya kuku wa kienyeji walioboreshwa wa KALRO kule Naivasha. Ni wazuri, na wakilishwa vizuri hutaga mayai zaidi ya 200 kwa mwaka. Lakini wanataka chakula cha kununua, na mara nyingi hawaatamii. Sisi tuliwachukua wachache, na kuku wetu wa zamani ndio wanaowalalia mayai.

Mwisho, msiuze mayai yote. Mtoto wako ale kwanza.

Leo tuna kuku 87, na daftari la chanjo liko kwa katibu. Anayetaka kuliona karibu. Ukurasa wa kwanza tuliandika sharti moja: kuku akiugua katika boma la yeyote, mwenyewe atangaze siku hiyo hiyo, na hakuna kuuza mpaka tukubaliane. Mwezi wa tano mama mmoja alitangaza, na soko la Jumamosi hilo hatukwenda. Tuliumia mfukoni, lakini ng'ambo ya bonde hakuna aliyelia.