Nguva Mweusi na Zimwi la Ukambani

Filamu ya nyimbo The Little Mermaid ilipotoka Mei 2023, ubishi mkali haukuwa juu ya nyimbo zake. Ulihusu ngozi ya Halle Bailey, msichana mweusi aliyepewa nafasi ya Ariel, binti nguva. Wapo waliokasirika kabla hata ya kuiona filamu. Lakini kionjo chake kilipotolewa Septemba 2022, wazazi wengi waliwarekodi mabinti zao wakishangilia kumwona nguva wa sura yao.

Waliodai hadithi imeharibiwa wamesahau historia yake. Hans Christian Andersen wa Denmark aliichapisha mwaka 1837, na nguva wake hakuolewa na mwana wa mfalme. Harusi ililetwa na filamu ya katuni ya Disney mwaka 1989. Kila msimulizi ana chake.

Sisi wa Kitui tunalijua hilo. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, alikusanya ngano za Wakamba na kuzichapisha mwaka 1966. Mazimwi yamo, wanyama wasemao wamo, na msimulizi hukatiza maneno akaimba, wasikilizaji wakamwitikia. Filamu za nyimbo hufuata njia hiyohiyo.

Vijana wetu wenye kamera hurekodi harusi na nyimbo za injili kila wikendi, kuanzia Mwingi hadi Mutomo. Wakiandikiwa hadithi nzuri na kupata mfadhili, watatupa binti wa Kikamba anayelishinda zimwi kwa wimbo. Hapo tutabishana juu ya waigizaji wetu wenyewe, na ubishi huo nitaufurahia.