Korongo wa Ziwa Hornborga na Daftari la Kila Jioni

Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi



Katika nchi ya Sweden, kaskazini mwa Ulaya, kati ya miji ya Skara na Falköping, liko ziwa lisilo na kina kirefu liitwalo Hornborga. Kila mwaka, majira ya baridi yanapokwisha, korongo hutua huko kwa makundi. Wengi wao hutoka Hispania na Ufaransa, hupita Ujerumani, huvuka bahari, kisha hupumzika ziwani hapo kabla ya kuendelea na safari hadi kwenye mabwawa wanakotaga, kwa kawaida mayai mawili. Ndege hao ni jamaa wa korongo wenye taji wanaojulikana sana katika mashamba ya Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa Aprili idadi yao kwa siku moja yaweza kuzidi 20,000.

Idadi hiyo si ya kukisia. Jioni korongo huacha mashamba na kurudi ziwani, wakalala wamesimama katika maji machache ili adui asiwafikie kimya kimya. Wahesabuji huyahesabu makundi yanapopita na kuandika jumla ya siku ile. Siku ya ndege wachache huandikwa sawasawa na siku ya ndege wengi. Ndiyo sababu mwaka mmoja waweza kulinganishwa na mwingine.

Hapo zamani wakulima wa kando ya ziwa walilima viazi kwa ajili ya viwanda vya pombe kali, na viazi vilivyosalia ardhini baada ya mavuno vikawa chakula cha korongo wenye njaa ya safari. Kilimo hicho kilikoma, lakini ndege hawakukoma kuja. Na ndege mwenye njaa hatofautishi kati ya masalio na mbegu: wakishuka kwa maelfu katika shamba lililopandwa jana, mkulima hupata hasara.

Hapo ndipo penye swali la haki. Korongo wanalindwa na sheria, na furaha ya kuwatazama ni ya watu wote. Wageni kwa maelfu huja kuwaona wakicheza. Je, ni halali gharama yake imwangukie mkulima mmoja? Nchi ile imejibu kwa njia mbili. Kwanza, shayiri humwagwa mahali maalumu kando ya ziwa, ili ndege wale hapo na kuyaacha mashamba. Pili, mkulima aliyeharibiwa mazao aweza kuomba fidia ya serikali, na mkaguzi hufika shambani kuipima hasara. Lakini mkulima anayekaa kimya mpaka amekwisha kuvuna hana cha kumwonyesha mkaguzi.

Ziwa lenyewe nalo lina funzo. Kati ya mwaka 1802 na 1933 maji yake yalishushwa mara 5 ili kupata ardhi ya kilimo. Ardhi ilititia, mafuriko yakarudi, na sehemu kubwa ya ziwa ikamezwa na matete. Katika miaka ya 1990 ilibidi maji yapandishwe tena. Kazi ya vizazi kadhaa ikatenguliwa kwa gharama nyingine.

Wanachama wanaolima mpunga, mtama na ngano wanawajua kwelea kwelea, wala hawahitaji kuelezwa uchungu wa shamba lililoliwa. Linalohitajika ni kumbukumbu: tarehe ndege walipoonekana, shamba la nani, eka ngapi, na kiasi kilichosalia. Katibu aandike siku ile ile, bila kuongeza ili kuvuta huruma na bila kupunguza kwa uvivu. Chama kinachopeleka maombi ya msaada pamoja na daftari la namna hiyo hupeleka ushahidi. Kisicho nalo hupeleka malalamiko tu. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.