Usisaini kabla hujauliza leseni ni ya nani

(Haya ni maneno niliyozungumza na vijana wenzangu wa Jimbo la Lupa, hapa Makongolosi. Nimeombwa niyaweke humu kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Najua wengi mlitegemea nije na mambo ya Katiba. Katiba itakuja, lakini leo naanza na mkataba. Mwezi huu vijana watatu wa hapa hapa wanaoposti video wamenitumia karatasi walizopewa na watu wanaojiita menejimenti. Wote walikuwa na swali moja: "Dada, nisaini?"

Jamani, sisi ni watoto wa machimbo. Hapa hakuna anayeshuka duarani bila kuuliza. Leseni ni ya nani? Mwenye duara ni nani? Mifuko inagawanywaje? Chakula, kamba na baruti vinakatwa kabla ya mgao au baada? Hata kijana aliyeishia darasa la saba anauliza hayo. Ila mtu akitutumia mkataba kwenye WhatsApp, wenye nembo nzuri na Kiingereza kingi, tunasaini usiku huohuo.

Sisemi hivi kuwacheka. Mimi nasoma sheria, na nilisaini.

Nilikuwa na akaunti ya kuelezea sheria kwa Kiswahili rahisi. Watu wakanifuata, wakaniahidi matangazo. Wakaomba neno la siri "ili watusaidie kuposti", nikawapa. Wiki chache baadaye namba ya simu na barua pepe kwenye akaunti vilikuwa vyao. Asubuhi moja mama akanipigia: "Mwanangu, umeanza lini kutangaza kubeti?" Sikuwa na jibu. Akaunti ile sijaipata mpaka leo.

Kwa hiyo nisikilizeni kama mtu aliyeungua.

Kwanza, wajue ni nani. Waulize jina kamili lililosajiliwa, kisha litafute BRELA kwenye mfumo wao wa mtandaoni. Kampuni na jina la biashara ni vitu viwili. Kampuni ni mtu kisheria, unaweza kuishtaki kwa jina lake. Jina la biashara nyuma yake kuna mtu, na huyo ndiye utakayemdai, kwa hiyo mjue ni nani na anaishi wapi. Kama kazi yako ni muziki au vichekesho, ulizia pia BASATA. Halafu omba majina ya watu watatu wanaowasimamia, na mmoja aliyeondoka. Huyo aliyeondoka ndiye wa kumpigia kwanza.

Pili, akaunti ibaki yako. Laini yako, barua pepe yako, neno la siri lako. Mkataba useme wazi kwamba akaunti na video ni mali yako hata mkiachana.

Tatu, pesa. Usiulize asilimia tu, uliza asilimia ya nini. Tuseme tangazo limelipa 1,000,000, wao wanachukua asilimia 30, na gharama walizoandika ni 400,000. Gharama zikitolewa kwanza, inabaki 600,000 na wewe unapata 420,000. Zikitolewa kwenye fungu lako peke yako, unabaki na 300,000. Asilimia ni ileile! Uliza pia nani analipwa kwanza na mteja, na ndani ya siku ngapi unapewa chako.

Nne, mlango wa kutokea. Mnamkumbuka Harmonize alipoondoka WCB mwaka 2019? Alisema hadharani kwamba ilibidi alipe shilingi milioni 500 na kwamba aliuza nyumba. Simlaumu yeyote pale, watu walikubaliana. Ila jiulize: wewe wa Makongolosi una nyumba ngapi za kuuza? Angalia mkataba ni wa miaka mingapi, unajirefusha wenyewe au la, na kuutoka ni bei gani.

Tano, na hili ni letu hasa. Kati ya ile mikataba mitatu, mmoja una kipengele kwamba kijana "hatachapisha wala kushiriki maudhui yenye mlengo wa kisiasa". Kiko ukurasa wa sita, chini kabisa. Makamanda, Ibara ya 18 ya Katiba inakupa uhuru wa maoni. Tumelalamikia kanuni za maudhui za mwaka 2018, zilizotaka mtu alipe shilingi milioni moja ya leseni ili aendeshe blogu. Tulikuwa sahihi kulalamika. Sasa tusije tukauza mdomo wetu wenyewe kwa ahadi ya simu mpya na taa ya kurekodia. Mwenzetu anayehudhuria vikao hapa, akiposti picha ya mkutano, atadaiwa fidia.

Nilimwambia arudishe, waifute hiyo sentensi. Waligoma. Hakusaini. Bado anarekodi kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na yuko hapa ukumbini, mpigieni makofi!

Na aliyekwisha kusaini? Usikimbie, usifute video, usiwatukane mtandaoni. Hifadhi meseji zote na miamala yote. Kama ulikuwa chini ya miaka 18, au ulidanganywa ili usaini, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inakupa pa kusimamia. Na ile faini kubwa wanayokutisha nayo isikunyime usingizi: kwa kifungu cha 74, mahakama hutoa fidia inayostahili, isiyozidi kiasi kilichoandikwa. Haimaanishi watapewa chote. Nenda kwa wakili au msaidizi wa kisheria ukiwa na karatasi zako mkononi.

Mimi bado ni mwanafunzi, siwezi kukusimamia mahakamani. Ila kusoma naweza. Jumapili mchana nitakuwa ofisi ya chama. Mwenye mkataba aje nao, tuusome pamoja mstari kwa mstari, kabla ya saini siyo baada.

Tukutane Jumapili.