Chini ya Ghala Kuna Nini?

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia kabla ya mavuno

Leo hatuzungumzi juu ya mbegu wala mbolea. Tunataka tuiname kidogo tutazame chini ya ghala, pale kuku wanapojificha jua na watoto wanapotupa magunzi.

Wengi wetu tukisikia habari za kuhifadhi mahindi, tunakimbilia kuuliza bei ya dawa. Lakini unyevu hutoka ardhini, na panya naye hupanda kwa miguu ya ghala. Hao wawili hawajali dawa ya fukusi.

Mwaka wa 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu ya aflatoksini, na 125 kati yao wakafariki. Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu inayoota kwenye mahindi. Chakula kilikuwa haba, watu wakaogopa wezi, wakavuna mapema na kuweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba. Hatuwalaumu. Nani ataacha chakula nje usiku na watoto wana njaa? Lakini sakafu ya udongo hutoa unyevu hata kama mguu wako hausikii.

Haya, ghala lenyewe. Sakafu yake iinuliwe kama mita moja kutoka ardhini. Na hapo chini pasizibwe! Wengine huzungushia mawe na matope eti panya asiingie. Hapo umemjengea panya nyumba na kuufukuza upepo. Acha wazi, ufagie, uondoe kuni na magunzi. Kuku nao wana kwao.

Kinachozibwa ni njia ya miguuni. Kata bati, ulizungushe kwenye kila mguu mfano wa faneli iliyopinduliwa, mdomo mpana ukitazama chini. Liwe juu, karibu na sakafu. Ukiliweka chini sana panya ataliruka. Bati kuukuu linafaa, hata debe lililotoboka ukilikata vizuri. Usiache nafasi kati ya bati na mti, maana panya mchanga hapiti mlangoni, hupita kwenye tundu la kidole gumba. Kata matawi yaliyo karibu, na ghala lisigusane na ukuta wa jiko. Na ngazi je? Iondolewe kila jioni! Kazi yote ya mabati ni bure ngazi ikilala hapo.

Mahindi yakiwa bado na unyevu, kuta zipitishe hewa. Usikandike udongo mpaka yakauke, asilimia 13.5 ya unyevu au chini yake. Kama hamna kipimo, chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi iliyokauka kabisa, funga, tikisa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye chupa, rudisha mahindi juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Isiposhika, bado haijathibitisha kila kitu, lakini mmekaribia.

Tunaulizwa kila mahali: yaliyoota kuvu, tumpe ng'ombe? Hapana. Sumu hupita ikaingia kwenye maziwa. Na kuku? Hao pia hapana. Kupika ugali vizuri hakuiondoi. Yafukieni mbali na kisima.