Kazi Ni Ipi, na Asiye na Kazi Ni Nani?



Twawashukuru kwa kuacha shughuli zenu siku ya Jumamosi mkaja kutusikiliza. Wengi wenu mmefunga vibanda, na twajua kwamba kibanda kilichofungwa hakiuzi. Kwa hiyo hatutawachosha kwa utangulizi.

Kila msimu wa uchaguzi huletewa hesabu ya ajira. Mmoja huahidi nafasi laki tano, wa pili milioni moja, na wa tatu, ambaye hakulifikiria jambo hilo mpaka aliposimama jukwaani, huongeza milioni nyingine juu yake. Sisi hupiga makofi, tukaenda zetu. Ni nadra kumsikia mmoja wao akiulizwa: ni kazi gani hizo? Mwenye kuzifanya atalindwa na sheria ipi? Na siku atakapoipoteza kazi hiyo, watoto wake watakula nini? Maswali haya yameulizwa katika nchi nyingine, na majibu yaliyopatikana huko hayafanani hata kidogo.

Tuanze na hesabu yenyewe. Kwa kipimo cha kimataifa, kilichokubaliwa chini ya Shirika la Kazi Duniani, asiye na kazi ni mtu ambaye hana kazi yoyote, yuko tayari kufanya kazi, na anaitafuta. Mambo hayo matatu sharti yakutane. Aliyefanya kazi ya malipo kwa saa 1 tu katika wiki ya hesabu, huyo ana kazi. Mama aliyeuza mafungu manne ya sukumawiki siku ya Jumatatu, kisha mvua ikanyesha mpaka Jumapili, ana kazi. Kijana aliyebeba mawe asubuhi moja, ana kazi. Naye aliyezunguka miaka mitatu na bahasha ya vyeti mpaka akakata tamaa na kukaa nyumbani, haandikwi miongoni mwa wasio na kazi, kwa sababu haitafuti tena. Kukata tamaa kwake kumepunguza hesabu ya serikali!

Wajerumani wana hesabu yao wenyewe kando ya hiyo ya kimataifa. Katika ofisi zao za ajira, mtu afanyaye kazi chini ya saa 15 kwa wiki aweza bado kuandikwa kuwa hana kazi. Kwa hiyo nchi ile ile, mwezi ule ule, hutoa tarakimu mbili zisizolingana, na hakuna aliyesema uongo.

Sasa tazameni. Qatar hutangaza kwamba wasio na kazi hawafiki asilimia 1. Kenya, kwa kipimo kile cha saa 1, mara nyingi huwa chini ya asilimia 10. Afrika ya Kusini, nchi yenye viwanda na migodi kuliko sisi, imepita asilimia 30. Msomaji wa haraka atasema mfanyakazi wa Qatar yu peponi na wa Afrika ya Kusini yu motoni, nasi tuko mahali pa heri katikati. Tuzichambue.

Wafanyakazi walio wengi kabisa nchini Qatar ni wageni, na kibali cha mgeni kukaa nchini kimefungamana na kazi yake. Akiikosa kazi na asipate nyingine upesi, hurudi kwao. Ukosefu wake wa kazi hauandikwi Doha, bali huja kuhesabiwa Kathmandu au Kisumu. Utaratibu huu huitwa kafala, na mwajiri huwa ni kafili, yaani mdhamini. Wazee walio pamoja nasi hawahitaji kuelezwa zaidi, maana baba zao walivaa kipande shingoni kuanzia 1920. Mwajiri alipokataa kutia sahihi katika kipande, mfanyakazi hakuweza kuhamia kwa mwingine, na alipotoroka alishtakiwa kama mhalifu. Kipande kilikwisha kabla ya uhuru. Binti zetu wamekwenda kukikuta ng'ambo kwa jina lingine.

Lakini tuseme kweli yote. Mwaka 2020 Qatar iliondoa sharti la kuomba idhini ya mwajiri kabla ya kuhama kazi, na mwaka 2021 ikaweka kima cha chini cha mshahara cha riali 1,000 kwa mwezi, watumishi wa nyumbani wakiwemo. Saudi Arabia, ambako dada zetu wengi hufanya kazi za nyumbani, nayo ililegeza masharti mwaka 2021, ila mabadiliko hayo hayakuwahusu watumishi wa nyumbani. Kwa hiyo nchi mbili jirani, zenye lugha moja na mafuta yale yale, hazimtendei yaya kwa namna moja. Anayesaini mkataba na wakala mjini Nairobi bila kujua ni nchi ipi na sheria ipi, amesaini gizani.

Twende Afrika ya Kusini. Kwa nini nchi yenye nguvu namna ile ina wasio na kazi wengi kupita sisi? Sababu ni nyingi, ila moja huanza na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913, iliyomnyang'anya Mwafrika ardhi. Baadaye utawala wa ubaguzi ulimbana hata katika biashara ndogo ndogo mitaani. Hivyo aliyefukuzwa kiwandani hana shamba la kurudi kulima, wala soko la jua kali lenye mizizi kama letu. Hubaki akitafuta, na kipimo humwona. Hata hivyo huyo aliyefukuzwa ana kitu ambacho sisi hatuna. Mwajiri na mwajiriwa, kila mmoja, huweka asilimia 1 ya mshahara katika hazina ya bima ya kukosa kazi, na kuanzia mwaka 2003 watumishi wa nyumbani nao waliingizwa. Atakayepoteza kazi hulipwa kwa muda kutoka humo. Si nyingi, lakini ni haki yake, haendi kuiomba kwa mheshimiwa.

Uingereza ilianza bima ya lazima ya namna hiyo kwa sheria ya mwaka 1911. Ujerumani ilifuata mwaka 1927, na leo aliyeachishwa kazi huko hupata asilimia 60 ya mshahara wake wa mkononi, au 67 akiwa na mtoto, kwa kawaida kwa mwaka mmoja. Hata jirani zetu Watanzania waliingiza fao la kukosa ajira katika sheria ya mfuko wa watumishi wa umma ya mwaka 2018. Wala msidhani utajiri pekee ndio unaoamua. Marekani ni tajiri kuliko hao wote, lakini sheria ya taifa lao haimlazimishi mwajiri binafsi kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo, wala malipo ya likizo ya uzazi. Katika Kenya mama mwajiriwa ana miezi mitatu kwa mshahara kamili, na kila mfanyakazi ana siku 21 za mapumziko kwa mwaka. Kwa maandishi tumewashinda Wamarekani!

Twasema kwa maandishi, kwa sababu zaidi ya 8 kati ya kila 10 wanaofanya kazi nje ya mashamba madogo nchini mwetu wako katika jua kali, ambako sheria hiyo haijapata kubisha hodi. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliokuja Kenya ukatoa taarifa yake mwaka 1972 ulikwisha kuliona jambo hili. Ulisema kwamba shida yetu kubwa si watu wasiofanya kazi, bali ni watu wanaofanya kazi kwa bidii na kubaki maskini. Tarakimu yetu ni ndogo kwa kuwa maskini asiye na bima hana nafasi ya kukaa bila kazi. Atachuuza chochote kabla jua halijachwa.

Kuna jambo moja ambalo twataka mwende nalo nyumbani, hasa vijana wa viwandani. Neno kibarua lilikuwa ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa. Chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, mwenye haki ya notisi. Waajiri walioisoma sheria hiyo humfukuza siku chache kabla mwezi haujatimia, kisha humrudisha kama mgeni. Kijana mmoja wa parokia yetu amekuwa mgeni katika lango lile lile kwa miaka minne. Aandike tarehe zake, na wenzake waandike zao, kwa kuwa mmoja akienda peke yake atafukuzwa tu.

Wa zamani walilijua hilo. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa, wa bandarini, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani, waliacha kazi kwa pamoja, wakawa wakikutana katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia aliyewaongoza alipelekwa kizuizini Baringo. Makhan Singh naye alifungiwa tangu 1950 mpaka 1961. Lakini baraza lililoundwa baada ya mgomo ule liliongeza mishahara, na hakuna mgombea aliyekuwa ameahidi nyongeza hiyo.

Basi ajapo mgombea na milioni zake, aulizwe hapa hapa ukumbini: hazina ya kumsitiri aliyepoteza kazi itajengwa vipi, na nani ataichangia? Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataja haki hiyo, na cha 41 kinataja haki ya kazi yenye masharti ya haki na ya kujiunga na chama. Nakala za vifungu hivyo viwili ziko mezani karibu na mlango. Wenye jamaa wanaojiandaa kwenda Ghuba, tafadhali msiondoke baada ya chai. Leteni mikataba tuisome pamoja, na ambaye hakupewa nakala na wakala atuambie kwanza.