Mpaka wa Mji wa Kale Unapita Wapi?
Mazungumzo kwa wakazi wa Mvita kuhusu mipango ya katikati ya jiji



Mzee wa Kibokoni akiulizwa Mji wa Kale unaishia wapi, atataja msikiti au duka la kona. Msukuma mkokoteni atataja Digo Road, maana hapo magari yanajaa na mkokoteni unakwama. Karani wa uchaguzi atataja wadi, nayo inaitwa Mji wa Kale/Makadara, mitaa miwili katika kura moja. Kila mmoja anasema kweli yake. Lakini hakuna aliyetaja mpaka unaoamua kama mwenye nyumba ataruhusiwa kuongeza ghorofa.

Mpaka huo ni wa eneo la hifadhi. Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1990. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, na mitaa iliyo jirani nayo ikazidi kutazamwa.

Wengine hudhani hifadhi ni ya milango ya kuchonga na roshani za kupigiwa picha na wageni. La. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zinashikwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ukuta kama huo ulijengwa kubeba dari yake, haukujengwa kubeba ghorofa mbili za zege juu yake. Hata plasta ya saruji ina madhara: unyevu unafungiwa ndani, chokaa inalegea, na mawe yanaanza kuachana. Kichochoro kikiwa cha hatua chache, nyumba ikiporomoka haimwangukii mwenyewe peke yake.

Upande wa pili nao una haki ya kusikizwa. Familia zimekua, vijana wanaoa, nyumba ya urithi ina warithi wengi na ploti ni ile ile. Aliye ndani ya mpaka anatafuta fundi anayejua chokaa, na mafundi hao ni wachache. Jirani yake ng'ambo ya barabara anapandisha ghorofa na kukusanya kodi. Kumwambia mtu huyo aridhike na historia si jibu.

Ndiyo maana mahali mstari unapopita ni jambo la kubishaniwa mapema. Wapimaji hupenda kuchora mpaka katikati ya barabara, kwani ni rahisi kuuonyesha. Matokeo yake ni mtaa mmoja wenye sheria mbili: upande huu nyumba za zamani, upande ule majengo marefu yanayozuia upepo wa bahari. Mstari ukipita nyuma ya ploti, pande zote mbili za barabara hubaki chini ya sheria moja. Mkazi anayeitazama ramani ya mpango na aanze na swali hilo, kabla hajasoma kurasa za maelezo. La pili ni baraza za nje ya nyumba, zile wanazokalia wazee jioni: zimo ndani ya ploti, au zimehesabiwa kuwa njia?

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka mpango utangazwe na wananchi watoe maoni. Maoni ya maandishi, yenye nambari ya ploti na jina la barabara, yana uzito kuliko malalamiko ya kibarazani.

Mpango ukishapita, kujenga bila ruhusa ya kaunti ni kosa. Faini inafika shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kubadilisha nyumba ya kuishi iwe ghala au duka nako kunahitaji ruhusa. Anayekataliwa ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya uratibu wa mipango, na asiporidhika huko, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko wazi kwake. Siku hizo 14 ni chache, kwa hivyo barua ya kukataliwa isiachwe juu ya kabati ikingoja mjomba arudi safari.